Kazi Inayouzwa si Kazi



Yako mambo ambayo mtu akiyanyamazia huwa ameyashiriki. Mimi nimenyamaza mwaka mzima, na leo nataka kusema, ijapokuwa najua ya kwamba wengine watachukizwa nami. Nataka kusema habari za desturi mpya iliyoingia katika nyumba zetu hapa Bariadi, nayo ni desturi ya kuuza ng'ombe ili kumnunulia kijana kazi ya kufundisha Kiingereza ng'ambo. Nasema wazi tangu mwanzo: kazi inayouzwa si kazi. Mwenye shule akitaka mwalimu humlipa mwalimu. Yeye amdaiye mwalimu fedha kwanza, hana shule, ana mtego.

Yupo kijana wa usharika wetu, jina lake sitalitaja, maana ameaibika vya kutosha. Alisomea ualimu wa Kiingereza na Kiswahili, akapata shahada yake mwaka 2019, akakaa nyumbani miaka mitano akingoja kuajiriwa. Mwaka 2024 mtu mmoja aliyejiita wakala akamwandikia kwa simu, akamwambia ya kuwa shule za Korea Kusini zataka walimu wa Kiingereza, tena upesi, na ya kuwa nafasi zilizobaki ni mbili tu. Akataka shilingi 6,500,000, nazo zilipwe kabla ya mwezi kwisha. Baba yake akauza ng'ombe wanane, na katika hao walikuwamo maksai wanne wa kulimia. Sisi wazee tukamwita kijana mbele ya kanisa siku ya Jumapili, tukamwombea safari njema. Mimi mwenyewe nilimwandikia barua ya kumsifu.

Kijana akaenda Dar es Salaam, akampa mtu yule fedha pamoja na pasi yake ya kusafiria, akalala katika nyumba ya wageni siku ishirini na moja akingoja tiketi. Siku ya ishirini na mbili simu ya wakala haikupatikana, wala haijapatikana hata leo. Kijana akapanda basi la kurudi, akashuka Maswa, akakaa kwa shangazi yake wiki mbili, kwa sababu aliona haya kuingia Bariadi mchana. Mwaka ule baba yake alilima pamba kwa jembe la mkono.

Habari hii ilipoenea, wengi walisema, "Kijana yule ni mjinga." Haya ndiyo maneno niyapingayo. Mjinga ni nani? Kijana alikuwa na njaa ya kazi, na mwenye njaa hachagui. Bali sisi tuliokuwa tumeshiba, tuliokuwa na nafasi ya kuuliza, hatukuuliza hata swali moja. Hakuna mzee aliyesema, "Shule hiyo jina lake nani? Mkataba uko wapi? Mbona mwajiri ndiye alipwaye?" Tulipofusha macho yetu kwa neno moja tu, ng'ambo.

Kwanza na tuitazame njaa yenyewe. Tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne, watoto wamejaa madarasani, nasi wenye kuishi karibu na shule tunaona kwa macho jinsi mwalimu mmoja asimamavyo mbele ya kundi lisilohesabika upesi. Kazi ya kufundisha ipo. Lakini mshahara haupo kwa wote waliosomea kufundisha. Serikali ilipowafanyia walimu usaili mwaka 2025, walioomba walikuwa zaidi ya 200,000, na nafasi hazikufika 15,000. Maana yake, watu kumi na watatu na zaidi waligombania kiti kimoja. Basi asiyepata kiti hicho asiitwe mvivu wala mjinga. Amekosa kama vile wakosavyo kumi na wawili katika kila kumi na watatu, ijapokuwa wote walisoma.

Mahali penye njaa namna hii ndipo mlaghai atandazapo mkeka wake. Naye hushinda kwa sababu hatujui mambo machache ambayo si siri. Korea Kusini ina kibali chake cha waalimu wa mazungumzo ya Kiingereza, nacho hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini. Tanzania haimo. China nayo kwa kawaida humtaka mwalimu wa Kiingereza awe mtu wa nchi ambako Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa, awe na shahada, na tena awe amefundisha miaka miwili. Mtu aweza kusema ya kuwa sheria hizo si za haki, maana zatazama pasi ya mwalimu kabla ya kutazama ufundishaji wake. Nami nakubali kabisa, si haki. Lakini ng'ombe wanane hawawezi kuigeuza sheria ya Korea. Wakala alimwuzia kijana wetu mlango uliofungwa, na laiti mmoja wetu angaliuliza, tungaliujua mapema.

Tena yako mabaya kuliko kuibiwa. Mwaka 2022 serikali ya Kenya iliwaonya raia wake juu ya watu waliokuwa wakiahidiwa kazi njema Thailand, kisha wakavushwa mpaka kuingia Myanmar, wakafungiwa katika majumba ya walaghai, wakilazimishwa kuwadanganya watu wengine kwa simu na kompyuta. Kijana wetu alipoteza ng'ombe, lakini mwili wake ulirudi. Na tumshukuru Mungu kwa hilo, wala tusidhani ya kuwa hasara yake ndiyo hasara kubwa kuliko zote.

Ninyi mnaosoma Maandiko mwajua habari za Yusufu. Ndugu zake walimwuza kwa wasafiri waendao Misri, nao wakapokea vipande ishirini vya fedha. Dhambi yao ilikuwa kubwa, walakini hata wao walipokea bei. Sisi tumekuwaje? Sisi twamtoa mwana wetu, na ng'ombe twawatoa juu yake! Twamlipa Mmidiani ili amchukue.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza watasema, "Asiyethubutu hapati." Ni kweli, lakini kuthubutu si kufumba macho. Bwana wetu alifundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara, ya kwamba sharti aketi kwanza na kuhesabu gharama. La pili watasema, "Mbona mwana wa fulani alikwenda Uarabuni, na leo amemjengea mama yake nyumba ya bati?" Naam, wapo waliofanikiwa, nami nafurahi pamoja nao. Lakini mwulizeni vema mwana huyo alikwendaje. Aliyekwenda kwa njia iliyo sawa atakwambia ya kuwa alikuwa na mkataba mkononi kabla ya kupanda ndege, na kibali cha kazi, si kibali cha matembezi. Pasi yake aliishika mwenyewe. Shirika la Kazi Duniani, katika Mkataba wake Na. 181 wa mwaka 1997, liliweka kanuni ya kwamba wakala asimtoze mfanyakazi fedha kwa kumtafutia kazi. Na hapa kwetu, mtu aombaye kazi kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haombwi malipo yo yote. Basi atakaye malipo ajieleze vizuri yeye ni nani.

La tatu watasema, "Basi watoto wetu wasiende ng'ambo kamwe?" Sikusema hivyo. Nasema waende kwa mlango, wasiende kwa dirisha. Na mlango mmoja tulionao sisi, ajabu yake, hatuuoni kwa sababu ni wa kwetu. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa akiitwa ng'ambo hata kabla babu zetu hawajajua kusoma. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa pande za Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 akafundisha Kiswahili katika chuo cha lugha cha huko, na maandiko yake yakaingia katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichopigwa chapa mwaka 1903. Hakutafutwa kwa sababu anajua Kijerumani kupita Wajerumani. Walimtaka kwa sababu ya lugha aliyoinyonya kwa mama yake.

Walakini nisiwafiche upande wa pili. Wanafunzi wengine wa Kizungu hawakutaka kumheshimu mwalimu mweusi, na mwaka 1905 kazi ile ikakoma. Alipotaka kurudi kwao pamoja na mkewe Mjerumani, wenye kutawala walimzuia mke asishuke, ikawabidi kurudi Ujerumani, naye akafa Berlin mwaka 1927. Basi ng'ambo si mbinguni, hata kwa mtu aliyeitwa kwa heshima. Sembuse kwa mtu aliyejinunulia mwito.

Siku hizi Kiswahili kimekua kuliko siku za Mtoro. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yaani SADC, ilikipokea mwaka 2019. Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Kwa miaka mingi mpango wa Fulbright wa Marekani umewachukua waalimu vijana wa Kiingereza kutoka Afrika ya Mashariki, ukawapeleka katika vyuo vikuu vya huko kwa mwaka mmoja wa masomo wakasaidie kufundisha Kiswahili, nao hawakudaiwa nauli, bali walilipiwa. Angalieni jambo hili: Kiingereza chao kilikuwa ufunguo, lakini mali iliyotakiwa ilikuwa Kiswahili. Sisemi ya kuwa nafasi hizo ni nyingi. Ni chache, na washindani ni wengi. Nasema zipo kweli, na aziombaye haambiwi kuuza maksai. Kijana mwenye Kiswahili safi na ajiandikishe kwa Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo huwaandikisha wataalamu wa lugha hii. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Na neno la mwisho nawaambia wazazi na wazee wa kanisa, maana juu yenu na juu yangu ndiko lawama iliko. Shule nyingi za ng'ambo humwuliza mwalimu neno hili: "Umefundisha wapi, na kwa miaka mingapi?" Kijana aliyekaa miaka mitano nyumbani atajibu nini? Njia ya kwenda mbali yapita katika darasa la hapa karibu. Hesabuni pamoja nami. Zile shilingi 6,500,000 alizomeza wakala, kama tungalimpa kijana shilingi 150,000 kila mwezi afundishe kwa kujitolea katika shule ya kata yetu, zingalitosha miezi arobaini na mitatu, ndiyo miaka mitatu na nusu na zaidi kidogo. Watoto wetu wangalipata mwalimu wa Kiingereza. Yeye angalipata barua ya kweli ya mkuu wa shule, si sifa za bure kama nilizomwandikia mimi. Na fedha yenyewe ingalizunguka hapa hapa. Wala haingekuwa sharti baba mmoja auze wote wanane. Usharika wenye nyumba sitini ukitoa shilingi 2,500 kila nyumba kwa mwezi, umekwisha kuzipata 150,000. Sisi tulitoa sadaka kwa safari isiyokuwapo. Je, tutashindwa kutoa kwa darasa lililopo?

Lakini wakubwa wa serikali wasiseme, "Vema, wanakijiji wamejilipia mwalimu, sasa tupumzike." La, hasha! Senti ya usharika ni ya kumshika mkono anayeanguka, si badala ya mshahara. Kusomesha maelfu ya waalimu na kuwaacha wakae barazani, hali watoto wanakaa bila mwalimu, ni kulima shamba na kuacha pamba ipeperushwe na upepo. Nasi wakulima wa Simiyu twajua mtu afanyaye hivyo huitwaje.

Yule kijana sasa anafundisha vipindi vichache kwa kujitolea, na bado analipa nauli ya baiskeli kwa mkono wake mwenyewe. Mwezi uliopita alinijia, akaniuliza kama naweza kumwandikia barua nyingine. Nikamwambia, safari hii sharti kwanza nije kukaa nyuma ya darasa lako nikuone ukifundisha. Akacheka, akasema, "Mwalimu, ungalisema hivyo zamani, baba angalikuwa na ng'ombe."

Sikuwa na la kumjibu. Nimewaandikia ninyi.

Ndimi mwenzenu,
Mwalimu, Bariadi