Sarafu ya kidijitali itanguliwe na sheria

Oktoba 2020, vijana wa Nigeria walipokuwa barabarani wakipinga ukatili wa kikosi cha polisi cha SARS, benki kuu ya nchi hiyo ilizuia akaunti za watu na asasi 20 zilizohusishwa na maandamano. Amri ya mahakama ya kuruhusu hatua hiyo ilipatikana Novemba, akaunti zikiwa zimeshafungwa, na ni Februari 2021 tu mahakama ilipoamuru zifunguliwe. Oktoba ya mwaka huo, benki hiyohiyo ikazindua eNaira, sarafu ya kidijitali ambayo daftari lake kuu linakaa benki kuu yenyewe. Nayaweka matukio haya pamoja kwa makusudi. Mijadala yetu kuhusu sarafu hizi huishia kwenye kasi na unafuu wa makato, ilhali swali zito ni nani anaweza kuzuia fedha ya raia, na ni lazima aombe ruhusa kwa nani kwanza. Leo serikali ikitaka kujua umemlipa nani, inabidi ibishe hodi benki au kampuni ya simu. Hodi hiyo huacha barua, na barua ina mwandishi anayeweza kushtakiwa. Daftari likiwa mikononi mwa dola, hakuna wa kubishiwa hodi.

Wapo watakaosema faragha tuliiuza zamani, tangu tuliposajili laini na kuanza kulipana kwa simu. Ni kweli taarifa ya miamala ya mwezi mmoja inaonyesha zahanati unayokwenda, sadaka unayotoa na chama unachokichangia. Lakini noti bado ipo. Mwanamke ambaye mumewe hupekua simu yake anaweza kuweka akiba kidogokidogo bila ujumbe wowote kuingia, na fundi aliyefungiwa akaunti kwa makosa bado anaweza kununua unga. Hoja kwamba sarafu hizi zitafichua ufisadi nayo naiheshimu, ila haifiki mbali: fedha za kashfa ya Goldenberg nchini Kenya zililipwa na serikali yenyewe, kwa nyaraka zilizopita ofisini. Kilichokosekana hapo ni uadilifu wa wakubwa. Kumpeleleza muuza mchicha kusingeziba pengo hilo.

Wanigeria wenyewe walitoa jibu. Mapema 2023, noti za zamani zilipoondolewa na mpya zikawa adimu, watu walipanga foleni benki tangu alfajiri, wengine wakinunua fedha taslimu kwa mawakala kwa kulipa ziada. eNaira ilikuwapo, lakini utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotoka mwaka huo ulionyesha kuwa zaidi ya asilimia 98 ya pochi zake hazikutumika katika wiki ya kawaida. Machi, Mahakama ya Juu ikaamuru noti za zamani ziendelee kutumika.

Huku kwetu muda upo. Januari 2023, Benki Kuu ya Tanzania ilisema itakwenda kwa tahadhari na hatua kwa hatua. Juni, ile ya Kenya ikasema sarafu hiyo si kipaumbele kwa sasa. Basi wabunge wautumie muda huo kuandika mambo mawili: kwamba hakuna fedha itakayozuiwa wala muamala utakaosomwa bila amri ya mahakama iliyotangulia, na kwamba hakuna duka wala ofisi ya umma itakayoruhusiwa kukataa noti.