Tope halisubiri bajeti

Makala iliyochapishwa juzi inadai kwamba majirani wanaozoa tope bure baada ya mvua wanaibebea serikali mzigo wake. Basi, anasema mwandishi, watu wangoje halmashauri, au walipwe.

Na aje Mwamgongo, Kigoma, asubuhi, mvua ikiwa imekesha. Kijiji kimebanwa kati ya milima mikali na Ziwa Tanganyika, jirani na Hifadhi ya Gombe. Maji yakishuka huleta mawe na udongo mpaka mlangoni. Greda litapita wapi? Kwenye uchochoro ambao mwenye ndoo kichwani hujipinda ili apishane na mwenzake? Hapo hupita jembe, karai na mikono ya watu.

Hoja yake mbovu kuliko zote ni ya Marekani: eti huko jirani hashiki beleshi. Si kweli hata kidogo! Chicago ina magari ya kuondoa theluji barabarani, lakini njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba, sheria ya jiji inamtaka mwenye nyumba aisafishe. Mzee asiyeweza kuinama atasafishiwa na nani kama si jirani? Mfano alioutegemea unamkana.

Eti msaada unailegeza serikali. Tudai mifereji na madaraja kwenye mkutano wa kijiji, tena kwa sauti. Kudai hakumzuii mtu kushika jembe. Mama aliyezibiwa mlango na tope anataka kutoka leo. Mvua za Kigoma hukoma Mei. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1.