MAMBO YA NYUMBANI: Mgonjwa Arudipo Kwake

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari za mgonjwa aliyepewa ruhusa kutoka hospitali. Watu wengi hudhani ya kuwa siku ile ndiyo mwisho wa ugonjwa. Vigelegele hupigwa, jirani huja kutoa mkono, na baada ya juma moja kila mtu hurudi katika shughuli zake. Sisi nasi tulidhani vivyo hivyo, hata tulipofunzwa kwa uchungu.

Alikuwako mzee mmoja katika mtaa wetu aliyelala hospitali siku 19 kwa homa ya mapafu. Aliporudi kwake tulikwenda kumtazama, watu 11 kwa mara moja, tukakaa tangu asubuhi hata alasiri. Mkewe alichota maji, akakoka moto, akatupikia chai sisi sote, wala hakupata nafasi ya kumpikia mumewe uji. Kesho yake wakaja wengine, na siku ya tatu vilevile. Usiku wa siku ya sita yule mzee alitaka kwenda chooni. Akamwona mkewe amelala fofofo kwa uchovu, akamhurumia, asimwamshe. Akaondoka peke yake gizani, akateleza juu ya mkeka uliokuwa mlangoni, akavunjika mfupa wa nyonga. Akarudishwa hospitali. Tulipoketi kuyafikiri hayo, hatukuona mtu wa kumlaumu ila sisi wenyewe. Tulileta miguu yetu na maneno yetu, lakini mikono tuliiacha nyumbani.

Neno hili halikutupata sisi tu. Mwaka 2013 daktari mmoja wa Marekani, Harlan Krumholz, aliandika ya kuwa katika wazee wa nchi yake watokao hospitali, karibu mmoja katika kila watano hurudishwa kabla ya siku 30 kupita. Tena mara nyingi si kwa ugonjwa ule wa kwanza, bali kwa mwingine. Alieleza sababu zake: mgonjwa hospitalini hulala vibaya, hula kidogo, hukaa kitandani siku nyingi, na akili yake huchoka kwa maumivu na dawa. Basi hutoka akiwa amepona maradhi yake, lakini mwili wake ni dhaifu. Siku hizo 30 ndizo zitakazo watu wa kumwangalia, na kazi yenyewe si ya uganga. Kila mwenye moyo aiweza.

Kwanza, tutengeneze nyumba kabla hajafika. Mikeka itelezayo iondolewe njiani, na vyombo vilivyotapakaa sakafuni viwekwe kando. Taa iwe karibu na mkono wake, na kitanda kiwe karibu na mlango wa kwendea chooni. Kama choo kiko nje, awekewe chombo chumbani usiku, au awepo mtu wa kumsindikiza. Kengele ndogo, au hata kopo na kijiti cha kugongea, yatosha kumwita mtu bila kupaza sauti.

Pili, asilale mchana kutwa. Mtu akilala siku nyingi, nyama za miguu hupungua nguvu upesi, na zaidi kwa wazee. Kama hospitali haikumkataza, aketi kitini wakati wa kula, atembee kidogo chumbani, kisha hata uani, mtu akiwa ubavuni mwake. Yule asiyeweza kujigeuza mwenyewe ageuzwe kila baada ya saa 2, na ngozi ya visigino, nyonga na mwisho wa uti wa mgongo itazamwe kila siku. Ikionekana imegeuka rangi au imechubuka, habari zipelekwe kwa wauguzi mapema.

Tatu, chakula. Asilazimishwe kumaliza sahani kubwa, bali apewe kidogo kidogo mara nyingi: uji wa maziwa, mayai, samaki, maharagwe yaliyopikwa yakalainika. Kama ameambiwa asile chumvi au sukari, nasi tusimletee kwa kumhurumia. Huruma ya namna hiyo humdhuru.

Nne, utulivu. Mwaka 1859 Florence Nightingale alitoa kitabu kwa ajili ya wanawake wauguzao watu majumbani, naye alionya sana juu ya makelele, na juu ya minong'ono mlangoni ambayo mgonjwa huisikia nusu akadhani yanenwa mambo yake. Aliwaonya pia wageni wamwagao mashauri. Basi tuingie wawili wawili, tukae kidogo, tuage. Wala tusimsimulie habari za fulani aliyekufa kwa ugonjwa kama wake.

Tano, dawa. Kazi yetu si kuongeza wala kupunguza. Kazi yetu ni kumkumbusha saa yake, kuandika katika karatasi kila anywapo, na kuitunza siku ya kurudi kliniki pamoja na nauli yake. Lakini akishikwa na homa, au kidonda kikitoa usaha, au akihema kwa shida, au mguu mmoja ukivimba, au akianza kuweweseka, tusingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja.

Sita, tumwachie heshima yake. Mtu mzima kuogeshwa na mwingine ni jambo zito. Mlango ufungwe, aulizwe ni nani ampendaye kwa kazi hiyo, na lile awezalo kulitenda kwa mkono wake tusimnyang'anye, hata akikawia.

La mwisho ni habari za yule auguzaye. Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tulimwona yule mama akienda na kurudi, tukadhani si kitu. Mumewe alipotoka hospitali mara ya pili, tuligawana kazi. Mmoja alichota maji, mmoja alifua shuka, vijana wawili walishika zamu ya usiku, na mama mmoja alipika kila Jumanne na Ijumaa. Mke wake akalala usingizi. Yule mzee hakurudia hali yake ya kwanza. Leo hutembea kwa mkongojo, wala hafiki shambani. Lakini yu hai, naye hutuamkia barazani kwake kila tupitapo.

Basi, wasomaji wetu, kama mtaani kwenu yuko mtu aliyerudi juma hili, msimwulize mwenye nyumba, "Tuwasaidie nini?" Atawajibu, "Hapana neno." Nendeni na ndoo ya maji vichwani, mwulize tu mtungi uko wapi.