Upepo wa Baridi Juu ya Ziwa

Mvua ikijaza mashimo na kazi ikisimama, vijana wengine wanashuka Tchomia ao Kasenyi kuvua samaki. Hakuna ubaya. Lakini kijana mmoja aliniuliza: "Pasta, ni kweli kapiteni anakula sana kabla ya mvua kubwa?" Swali hili tulijibu vizuri, sababu nusu ya jibu inaweza kuua mtu.

Huko Ulaya na Marekani wavuvi wanasema baridi ikiingia kwa ghafula, samaki anafunga kinywa siku mbili tatu. Baridi ya namna hiyo inatoka mbali kaskazini, na huku karibu na ikweta haifiki. Wengine wanataja uzito wa hewa. Mimi hapo siamini sana. Samaki akipanda sentimita 10 tu ndani ya maji, uzito juu yake unapungua kuliko vile mvua yetu kwa kawaida inapunguza ule wa hewa. Na yeye anapanda na kushuka mchana kutwa!

Kinachobadilika ni mwanga. Kapiteni, yule ndugu zetu wa Uganda wanamwita mputa, ana macho makubwa yanayoona katika giza kidogo. Wingu jeusi likifunika jua, kwake ni kama jioni imefika mapema, anaanza kuwinda. Kwa hiyo wazee wavuvi hawasemi uongo.

Sasa sikia nusu ya pili. Mvua kubwa inaposhuka, hewa iliyopoa inaanguka nayo, inagonga chini, halafu inakimbia mbele ya mvua. Ndio ule upepo wa baridi unaosikia usoni wakati jua lingali linawaka. Bunia iko karibu mita 1.270 juu ya bahari, ziwa Albert liko karibu mita 620. Upepo ukiteremka mlima ule, unafika majini na nguvu. Tena ziwa letu si refu kwenda chini, halifiki mita 60, basi mawimbi yake ni mafupi na yanafuatana mbiombio. Mtumbwi unapanda moja, la pili limekwisha kuingia ndani. Wanafunzi wa Yesu walikuwa wavuvi wa kazi, ziwa lao nalo lina milima kando, na maji yaliwajaa vilevile.

Fanya hesabu, wewe kijana unayejua kupima dhahabu. Ukiona radi, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa moja. Ukifika 30, mvua iko kilometa 10. Ikitembea kilometa 30 kwa saa, itakufikia kwa dakika 20, na upepo wake mbele ya hapo. Wewe uko kilometa 3 toka ukingo, na kasia inakupeleka kilometa 4 kwa saa: ni dakika 45. Basi ukingoja baridi usoni umekwisha kuchelewa. Wingu likianza kusimama juu ya mlima, vuta nyavu, hata kama samaki ndio wanaanza kukamata. Hapo ndipo panauma, ninajua.

Na musijaze mtumbwi. Tarehe 22 Machi 2014 mashua iliyojazwa kupita kiasi ilizama ziwani humo na Wakongomani waliokuwa wanarudi kutoka Uganda. Serikali ya Kinshasa ilihesabu wafu 251.

Mama, kijana wako akishuka ziwani, mupe bidoni tupu ya litri 20, mfuniko umefungwa sana, na kamba ya kuifunga kwa mkono. Jile ya kuelea ni bora zaidi. Lakini bidoni iko katika kila nyumba, na inaweza kushika kichwa cha mtu juu ya maji.

Unataka kuvua wakati wa wingu? Vua ukisimama kwenye nchi kavu, mpaka ngurumo ya kwanza. Kisha ingia ndani ya nyumba, si chini ya mti. Kesho yake mito italeta matope na maji yatakuwa kama chai ya maziwa. Kapiteni haoni vizuri humo. Tafuta samaki wa ndevu karibu na mdomo wa mto: yeye anatafuta chakula kwa ndevu zake. Tia ndoana chini kabisa, na mnyoo mkubwa.