Shokapu Mbovu Si Suala la Starehe

Yapo maradhi ya motokaa yanayopiga kelele, na yapo yanayonyamaza. Tairi likipasuka, dereva husimama. Injini ikichemka, husimama. Breki zikikataa, mwenye gari hukimbilia gereji kabla hata hajajua fedha atazitoa wapi. Lakini shokapu hufa polepole, kwa miezi na pengine kwa miaka, na kila siku dereva huuzoea ubovu wa siku hiyo, hata mwisho akadhani kwamba gari lake ndivyo lilivyoundwa. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Ni juu ya maradhi hayo ya kimya tunataka kusema leo, kwa sababu barabara za Shinyanga na za ukanda wa dhahabu wa Geita huyazaa kwa wingi, na kwa sababu wanaoyalipia si wenye magari peke yao.

Kwanza hatuna budi kuondoa kosa moja la mawazo. Watu wengi huamini kwamba shokapu ni kitu cha starehe, yaani kazi yake ni kumlinda abiria asiumie mgongo, na kwamba mwenye moyo wa kuvumilia anaweza kuishi bila hiyo. Sivyo. Uzito wa gari hubebwa na springi. Springi ikibonyezwa hutaka kurudi, na ikirudi hupita kiasi, kisha hubonyea tena. Isipopata wa kuituliza, gari huendelea kudunda hata baada ya shimo kupitwa. Ndani ya shokapu mna pistoni inayosukuma oili kupitia matundu madogo. Nguvu ya mdundo hugeuzwa kuwa joto, na joto hilo huchukuliwa na upepo. Kwa lugha nyepesi, shokapu ni breki ya springi.

Basi kazi yake kubwa ni kulishikilia gurudumu lisiachane na ardhi. Gurudumu lililo hewani halisimamishi gari, halikati kona, wala halimtii dereva. Breki zaweza kuwa mpya na tairi laweza kuwa jipya, lakini ikiwa magurudumu yanadunda, gari litahitaji masafa marefu zaidi kabla ya kusimama, na likimkwepa ng'ombe au mtoto barabarani litayumba mara mbili au tatu kabla ya kutulia. Katika kuyumba huko ndimo magari hupinduka.

Sasa na tutazame mahali tulipo. Wakazi wa Shinyanga wanaijua vyema ardhi ya mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Barabara iliyopita juu ya udongo wa namna hiyo haikai sawasawa hata ikichongwa vizuri namna gani. Ukienda magharibi, kuelekea Kahama, Kakola, Katoro na Nyarugusu, unakutana na njia za changarawe zinazopitiwa na malori ya mizigo mchana na usiku, na juu yake hutokea yale mawimbi madogo madogo yanayolitetemesha gari kama ungo unaopepetwa.

Mawimbi hayo tuyatie katika hesabu. Tuseme yameachana kwa sentimita 70, na gari linakwenda kilometa 60 kwa saa. Kila gurudumu litagongwa karibu mara 24 katika sekunde moja, yaani zaidi ya mara 85,000 katika mwendo wa saa moja. Kila pigo ni kazi ya shokapu. Oili yake huchemka na kufanya povu, na povu halina nguvu ya kuzuia kitu. Vumbi hukwaruza fimbo yake na kuila mipira inayoziba oili isitoke. Mwisho oili huvuja, na kinachobaki chini ya gari ni bomba tupu lililofungwa kwa nati.

Watengenezaji wengi hushauri shokapu zikaguliwe kila kilometa 20,000, na mwenye gari ajiandae kuzibadilisha zinapofikia kama kilometa 80,000. Ushauri huo umetolewa kwa kufikiria barabara nzuri. Je, magari yetu yamekwenda kiasi gani? Mengi hununuliwa yakiwa yamekwisha tumika miaka mingi huko Japani, kisha yakaanza kazi upya huku kwetu. Si ajabu kuona gari la abiria lililokwenda kilometa 200,000, mwendo unaotosha kuizunguka dunia mara tano, na bado limevaa shokapu zile zile lilizotoka nazo kiwandani. Gari hilo hujazwa abiria kupita nafasi zake, likawekewa magunia juu, likapelekwa mnadani au machimboni. Wenyewe huliita mchomoko. Kwa hakika huchomoka, lakini kusimama kwake ni jambo jingine.

Neno hili twawaelekeza hasa ndugu zetu wa visiwani. Mkazi wa Kome akivuka hadi Nyakalilo, safari yake haijakwisha. Vivyo hivyo wa Maisome, na vivyo hivyo wa Ukerewe na Ukara anayeshuka Mwanza na kuendelea Geita au Kahama kuuza dagaa, kumtafuta ndugu aliyekwenda machimboni, au kumpeleka mgonjwa hospitali. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwezi Juni mwaka 2025, limeondoa foleni ya kivuko katika njia ya Geita, na sote tunafurahi. Lakini daraja na lami huongeza mwendo, na mwendo ndio unaofichua ubovu wa shokapu. Gari lililokuwa likijikokota kwenye changarawe sasa hukimbia kilometa 100 kwa saa kwa miguu ile ile iliyochoka.

Mtu wa kisiwani hahitaji kufundishwa maana ya chombo kibovu. Hakuna mvuvi mwenye akili timamu anayesukuma mtumbwi ziwani huku akijua unavuja. Atautia kalafati kwanza, hata kama siku hiyo samaki ni wengi. Tena hakuna anayejua kuliko watu wa Ukara na Ukerewe gharama ya kungoja. Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, kikiwa kimebeba watu wengi kupita 101 walioruhusiwa, na watu 228 wakapoteza maisha. Tunaukumbuka msiba huo kwa heshima, wala si kwa kutonesha kidonda. Tunaukumbuka kwa sababu ulitufundisha kwamba chombo cha abiria hakina budi kukaguliwa na kuheshimiwa kabla ya safari. Fundisho hilo haliishii ufukweni. Abiria aliyekataa kupanda kivuko kilichojaa asikubali, nusu saa baadaye, kuwa mtu wa tisa katika gari la watu watano.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Jibu la kwanza ni kwamba barabara ndizo mbovu. Ni kweli, na TANROADS na TARURA wanao wajibu wa kuzichonga na kuzishindilia kwa wakati, wala si kungoja ziara ya kiongozi. Lakini barabara mbovu ni sababu ya kuzitunza shokapu zaidi, wala haiwezi kuwa udhuru wa kuziacha. Mwenye kuishi penye mvua nyingi ndiye anayestahili kuezeka vizuri.

Jibu la pili ni gharama. Katika miaka ya 1980 mwenye gari aliweza kusema kwamba vipuri havipatikani, kwa kuwa nchi ilikuwa na uhaba wa fedha za kigeni, na watu wakamwelewa. Leo maduka ya vipuri yamejaa Kahama, Geita na Katoro. Kinachosemwa sasa ni kwamba bei ni kubwa. Lakini shokapu iliyokufa haifi peke yake. Hula tairi kwa mabaka mabaka, huzimaliza bushi, hulegeza viungo vya usukani, na huvunja springi. Mwenye gari anayejiona ameokoa fedha za shokapu hulipa fedha hizo mara mbili kwa muuza matairi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena ipo njia ya rahisi inayotuhuzunisha. Shokapu iliyokwisha hutobolewa, ikamiminiwa oili yoyote iliyopo, ikachomelewa na kurudishwa. Nyingine hutolewa kwenye gari lililokufa na kuuzwa kama nzima. Hiyo ni kumvika marehemu nguo mpya. Oili ya shokapu ina wepesi wake maalumu, na mipira iliyokwisha liwa haiponi kwa kuchomelewa. Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani wanayo mamlaka ya kuwaondolea wananchi vipuri vya bandia, na tungependa kuona mkono wao ukifika hata katika maduka ya pembezoni.

Kwa mafundi wetu, ambao tunawaheshimu kwa kuwa ndio wanaoiendesha nchi hii wakiwa chini ya miembe, tuna maneno machache. Shokapu hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja; ukiweka moja mpya na moja kuukuu, gari litavuta upande na kumsaliti dereva kwenye breki. Mipira ya juu na ya kuzuia vumbi ibadilishwe pia, kwa sababu shokapu mpya iliyofungwa kwa mpira uliokufa haidumu. Baada ya kazi ya mbele, magurudumu yapimwe unyofu wake, kazi ambayo wenyewe huiita alaimenti. Na jambo lililo kubwa kuliko yote: pale ambapo springi imeizunguka shokapu, ibanwe kwa kifaa chake halisi kabla nati ya juu haijalegezwa. Springi hiyo imeshikilia nguvu ya mamia ya kilo. Wanaoifunga kwa waya au kwa kamba wanacheza na risasi, na mara nyingi aliyeinamia karibu ni kijana mwanafunzi wa kazi.

Sasa twageukia Serikali, na hasa watendaji wa mikoa na halmashauri. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe zima kabla ya kuingia barabarani, na leseni za usafirishaji za LATRA zinadai ukaguzi. Kwa hiyo sheria si haba. Lililo haba ni gari kuinuliwa na kutazamwa chini. Taa, honi, na kifaa cha kuzimia moto vinaonekana kwa aliyesimama. Shokapu inayovuja huonekana kwa aliyeinama. Stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama iliyobandikwa kwenye kioo cha gari ambalo hakuna aliyeinama kulitazama ni karatasi tu. Tunapendekeza kwamba kila mkoa wa ukanda huu uwe na angalau kituo kimoja chenye shimo la ukaguzi na mashine ya kupima mdundo wa magurudumu. Jirani zetu wa Rwanda hukagua magari kwa mashine katika kituo cha polisi cha Remera, mjini Kigali. Sisi tunaochimba dhahabu hatuwezi kusema kwamba tumeshindwa kununua mashine hiyo.

Aidha, Serikali ianze na nyumba yake. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ndio wenye jukumu la matengenezo ya magari ya umma, na ndio hao hao wenye vivuko vya wananchi wa visiwani. Magari ya kwanza kutazamwa yawe ya wagonjwa. Mama mjamzito anayechukuliwa kutoka zahanati ya kijijini usiku, amelala juu ya kitanda cha chuma, hapaswi kupimiwa kila wimbi la barabara kwa uti wa mgongo wake. Kwake yeye shokapu ni sehemu ya tiba. Tungependa kila gari la wagonjwa liwe na daftari linaloonyesha kilometa za kubadilishia shokapu, na bajeti ya jambo hilo itengwe mwanzoni mwa mwaka, badala ya kutafutwa gari likiwa limekwisha lazwa.

Mfano wa kuigwa uko jirani. Malori makubwa ya migodini, yenye miguu iliyojazwa oili na gesi, hayangoji kuharibika. Hutazamwa kabla ya zamu, na hutengenezwa kwa kuhesabu saa za kazi, kwa sababu wenye migodi wanajua thamani ya kila saa ambayo lori limelala. Ni ajabu kwamba katika mkoa mmoja na chini ya jua moja, lori linalobeba mawe hutunzwa kwa hesabu, na gari linalobeba binadamu hutunzwa kwa bahati.

Waswahili husema ajali haina kinga. Methali hiyo ilikusudiwa kumfariji aliyefikwa, wala haikukusudiwa kumpa kisingizio aliyezembea. Ipo ajali isiyo na kinga, na ipo ile ambayo kinga yake inauzwa dukani na hufungwa kwa kazi ya nusu siku. Mwenye gari alitazame gari lake leo. Abiria naye aulize kabla ya kulipa nauli, na akijibiwa kwa kejeli, ashuke. Na mkaguzi ainame.