Mwendawazimu Ni Nani? Msamiati Wetu na Tiba ya Maradhi ya Akili

Kila mwanafunzi wa riwaya ya Kiswahili hukutana, mapema au baadaye, na Kazimoto wa Kichwamaji (1974), na aghalabu huwa amekwisha kukutana na Rosa wa Rosa Mistika (1971). Wahusika hawa wawili wa marehemu Euphrase Kezilahabi hujitoa uhai. Darasani huwa tuna majibu tayari: udhanaishi, ukengeushi, ukali wa malezi, mgogoro wa mila na usasa. Majibu hayo si mabaya. Mimi mwenyewe nimewahi kupata alama nzuri kwayo. Hata hivyo, sijapata kumsikia mwanafunzi wala mhadhiri akiuliza iwapo yamkini mmoja wao alikuwa mgonjwa na, kama alikuwa mgonjwa, ugonjwa wake tungeuitaje kwa Kiswahili. Sidai kwamba wahusika wa kubuni wapelekwe kwa daktari. Ninachodai ni kwamba kimya hiki chetu cha darasani kina ndugu yake huko nje, na ndugu huyo huumiza watu.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya kwanza, nilikaa chumba kimoja na kijana aliyesifika kwa bidii. Katika muhula mmoja alikuwa akilala kwa muda wa saa mbili tu usiku, akitunga tenzi hadi alfajiri, akianzisha biashara tatu katika juma moja na kuzungumza kwa kasi ambayo ulimi wake wenyewe haukuimudu. Tulimwonea kijicho. Muhula uliofuata alijifunika blanketi, akaacha mihadhara, akaacha kula. Hatimaye alikwenda kwenye zahanati moja akasema maneno ambayo sote tungeyasema: ‘Nina mawazo mengi.’ Akapewa vidonge vya sonona. Hakuulizwa juu ya ule muhula wa bidii, naye hakuutaja. Nani huenda hospitalini kuungama bidii? Majuma machache baadaye alikuwa akihubiri juu ya paa la bweni usiku wa manane. Sasa kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa wake: vitabu vimempanda kichwani, ana wazimu.

Kumbe yule ndugu hakuwa na sonona ya kawaida. Alikuwa na baipola, maradhi ambayo humpandisha mtu hadi kileleni kisha yakamtupa bondeni. Akiwa bondeni, dalili zake zaweza kufanana kabisa na za mwenye sonona, ilhali tiba zao zatofautiana. Dawa ya sonona ikitolewa peke yake kwa mwenye baipola, bila ya dawa ya kutuliza hisia, yaweza kumrusha tena kileleni. Ndiyo maana daktari makini hamtibu mtu kwa neno moja. Huuliza juu ya usingizi, matumizi ya pesa, pombe na miraa, na maradhi yaliyomo katika ukoo. Huagiza damu ipimwe, kwa sababu tezi ya shingo ikiharibika au malaria ikipanda kichwani, mtu aweza kuonekana amerukwa na akili. Kifafa nacho, ambacho wengi wetu hukiweka katika kapu lilo hilo, ni ugonjwa wa ubongo wenye tiba yake.

Lakini historia hiyo hutoka kinywani mwa mgonjwa na jamaa zake, nao huisema kwa lugha waliyo nayo. Mamake rafiki yangu alipofika kutoka Pwani, daktari aliniomba nimtafsirie, mimi mwanafunzi wa Kiswahili. Nikamwambia mwanawe ana ugonjwa wa akili. Mama alinitazama kwa muda, akasema, ‘Mwanangu, mimi sikuzaa mwendawazimu,’ akamshika kijana mkono wakaondoka. Ilipita miezi saba ya mafusho na maombi ya kukesha kabla ya kumrudisha hospitalini.

Simlaumu. Wanaisimu hulihusisha neno wazimu na mzimu, na mwenye mzimu hupelekwa kwa mtu anayejua kuzungumza na mizimu. Neno lenyewe limekwisha kumwandikia mgonjwa cheti cha rufaa. Nayo hospitali ya Mathari, iliyoanza kuwapokea wagonjwa wa akili jijini Nairobi mnamo 1910, jina lake tumeligeuza tusi la kutupiana matatuni. Kisha twashangaa watu wakichelea kupita langoni mwake.

Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006, jijini Harare, mpango ambao kwao akina nyanya 14 waliofunzwa waliketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Hawakuanza na istilahi za vitabuni. Walianza na neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliohudumiwa hivyo walikuwa na nafuu kubwa zaidi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mawazo yetu ni jamaa wa karibu wa kufungisisa. Ni mlango mzuri, mradi mtu asiishie mlangoni, kama ilivyotokea katika ile zahanati.

Kwa upande wa sheria, nchi yetu imesogea. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua kunakiuka Katiba. Sisi wa Kiswahili je? Bado twabishana iwapo tuseme sonona, unyogovu au mfadhaiko, huku msongo wa mawazo ukibebeshwa mzigo wa yote hayo pamoja na wasiwasi wa mitihani. Istilahi hizo zatungwa mezani, mbali na foleni ya wagonjwa.

Siku mama aliporudi, muuguzi mmoja mtu mzima aliifanya kazi iliyonishinda. Alisema: ‘Mama, kuna majira moyo wa kijana huyu hupanda mlima usiku kucha bila kuchoka, na kuna majira huteremka bondeni ukashindwa kuinuka. Dawa hii ni ya kumweka njiani.’ Mama akanyamaza, kisha akasema, ‘Ndivyo alivyo tangu kidato cha tatu. Na mjomba wake alikuwa vivyo hivyo.’ Daktari aliinua kalamu. Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuta kwa miezi saba. Rafiki yangu leo ni mwalimu; humeza dawa zake kila jioni na hupimwa damu kila zinapotakiwa kuangaliwa.

Napendekeza chama chetu kiombe ruhusa ya hospitali na ya wagonjwa wenyewe, kisha kitume wanafunzi wawili wawili kwenye kliniki za akili wakasikilize na kuandika jinsi watu wanavyoyataja maradhi haya, kabla ya yeyote miongoni mwetu kuunda istilahi nyingine. Mimi nimeanza na daftari dogo. Kile kipindi cha kileleni, ambacho wengine hukiita kichaa, yule mama alikiita kupaa. Nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza.