ALIYESHIKA UFUNGUO ATOE HISABU

Leo tunaanza na aibu yetu wenyewe, kwani asiyekiri khasara yake hana haki ya kuwaonya wenziwe.

Mwandishi wa safu hii ni muuza duka, na miongoni mwa bidhaa zake ni asali ya Tabora. Mwaka jana alisafiri kwenda kuonana na mrina asali anayemletea mzigo. Wakapatana bei, na malipo ya kwanza, shilingi laki tatu, yalikuwa yapelekwe kwa simu jioni ile. Mchana ukiwa mrefu, mwandishi akenda Kwihara, nje kidogo ya mji, kulitazama lile tembe alilokaa Livingstone. Alikuwa angali barazani simu ilipolia, na ujumbe ukasema: ile hela itume kwa namba hii. Hakuuliza. Alikuwa na deni kweli, na maneno yalikuwa ya deni. Akatuma. Magharibi mrina akapiga simu kuulizia haki yake, naye hakuwa ameandika ujumbe wo wote. Tulipolalamika, tukajibiwa kwamba fedha zimekwisha tolewa.

Mtego huu hautaki ilimu kubwa. Mwizi hupeleka maneno yale yale kwa watu wengi asiowajua, na miongoni mwao hakosekani mwenye deni la kulipa siku ile.

Tembe lile la Kwihara lina funzo lake kwa jambo hili. Livingstone na Stanley walifikia hapo Februari 1872, wakitoka Ujiji. Siku hizo fedha ya safari ilikuwa nguo, ushanga na waya, ikichukuliwa na wapagazi kutoka pwani, na machifu wa njiani wakidai hongo. Mwaka 1871 vita vya Mirambo viliifunga njia ya Ujiji, na kila mwenye mali akawa na khofu ya Mirambo. Lakini mali ya Livingstone iliyokwisha fika Ujiji haikuchukuliwa na Mirambo. Ilikuwa mikononi mwa Sherif, mtu aliyekabidhiwa aitunze, naye akaiuza akidai kwamba mwenyewe amekwisha kufa. Mzee yule aliporudi kutoka Manyema mwaka ule ule, mgonjwa na amechoka, akakuta mali yake imekwisha uzwa. Khatari ya njiani iliwekewa bunduki na walinzi. Khatari ya aliyeshika amana haikuwekewa kitu.

Sisi hatusemi turudi kwenye ushanga. Kabla ya mwaka 2008, fedha zilipoanza kupelekwa kwa simu nchini mwetu, mfanya biashara alifunga noti kiunoni na kulala macho ndani ya gari moshi. Simu imemwondolea khofu ile, nasi tunaishukuru. Lakini kila usalama una bei yake. Mwizi wa kiunoni amekwenda, amekuja mwizi asiyeonekana uso.

Serikali ilipotaka kumzuia huyu wa pili, ilitutaka bei nyingine. Tarehe 1 Mei 2019 ulianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Watu walipanga foleni juani, wazee na wajawazito, na muda ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Baada ya hapo laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tuliambiwa kwamba mwizi hatakuwa tena na mahali pa kujificha. Tukatoa vidole vyetu.

Basi twauliza: laini iliyomeza laki tatu zetu ilisajiliwa kwa kidole cha nani? Haikuwa laini ya kabla ya usajili. Mambo haya yanajulikana mitaani. Wakala asiye mwaminifu humwambia bibi kizee: weka kidole tena, mashine haikusoma. Mara ya kwanza laini ni ya bibi. Mara ya pili ni ya nani? Siku polisi watakapotafuta, watabisha hodi kwa bibi. Kufuli likiibiwa ufunguo wake, mwenye duka hununua jingine. Kidole hakinunuliwi kingine.

Wako watakaosema kwamba bila ya usajili polisi hawana pa kuanzia. Ni kweli, nasi hatubishani nao. Lakini chuoni tulifunzwa kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani ni ile ya deni. Ndani yake mna amri ya kuandika na kuweka mashahidi, na mwandishi naye ametakiwa aandike kwa uadilifu. Hakuachiwa kalamu na karatasi afanye apendavyo. Hapa petu raia ameandikwa jina, uso na kidole. Aliyeshika daftari, nani anamwandika yeye?

Sheria ya kulinda taarifa binafsi imepitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Twaisifu. Lakini mizani iliyotundikwa ukutani haipimi mchele. Twataka mambo manne. Kwanza, raia akitoa khabari ya wizi mara moja, fedha zizuiliwe mpaka jambo lichunguzwe. Pili, laini ikisajiliwa kwa hila, abebe dhima aliyeisajili, si bibi kizee. Tatu, daftari la raia lisifunguliwe kwa ajili ya mkubwa ye yote bila ya amri ya mahakama. Nne, jina la usalama lisitumiwe kuwafunga watu midomo. Siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchini, ikakaa siku kadhaa. Mtu hakuweza kutuma picha wala ujumbe kwa njia hiyo kumwuliza ndugu yake kama yu hai. Tulipotoa vidole vyetu, hatukutoa na ndimi zetu.

Nasi raia tuna wajibu wetu. Bonyeza *106# utazame ni laini ngapi zimeandikwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda kaifute upesi. Ujumbe wa utapeli upeleke namba 15040. Namba ya siri usimpe mtu, hata akijiita mfanya kazi wa kampuni. Kidole usikiweke mara ya pili mpaka uelezwe sababu. Na kabla ya kutuma fedha, piga simu uisikie sauti ya mwenyewe.

Mrina asali tulimlipa mara ya pili, kwani deni lake halikufa kwa sababu sisi tumeibiwa. Yeye hana ofisi wala mashine ya vidole. Madumu yake yalifika Unguja yote, yamejaa, na hisabu yake imeandikwa kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi. Waliokabidhiwa daftari la nchi nzima nao watoe hisabu yao.